Mwewe wa Mchana, Popo wa Usiku

Aprili 1942 manowari kuukuu za Kiingereza ziliamriwa kuondoka bahari ya Ceylon, zije Kilindini, pale wavukapo watu wa Likoni. Wasomaji, msidhani ni woga. Admirali Nagumo wa Japani alikuwa na manowari tano zichukuazo ndege, na marubani waliokwisha kupigana China na Pearl Harbor. Admirali Somerville alikuwa na tatu tu, na kundi lake lilikuwa halijapata kufanya mazoezi pamoja. Ujuzi wa marubani wake ulikuwa usiku: kumtafuta adui kwa rada na kumtupia topido, kwa ndege za mabawa mawili, ambazo mchana zingekuwa vifaranga mbele ya mwewe. Basi akajificha mchana, akawinda usiku, asiwapate. Tarehe 9 Aprili Wajapani wakaizamisha Hermes karibu na Batticaloa. Siku hiyo haikuwa na ndege hata moja.