Kimbunga cha 1872 na Mikarafuu ya Unguja

Tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kikali kilikipiga kisiwa cha Unguja. Vyombo vilivyotia nanga bandarini, zikiwemo merikebu za Sultani Barghash, vilizama au vilitupwa ufukoni. Lakini hasara iliyochukua muda mrefu zaidi kufidiwa ilikuwa mashambani, ambako inakadiriwa kuwa theluthi mbili ya minazi na mikarafuu iling'oka au kuvunjika.

Tukio hilo lilikuwa la nadra. Kimbunga hupata nguvu zake juu ya bahari yenye joto: mvuke hupanda, hupoa na kuwa matone, na joto linalotolewa hapo huendesha upepo. Hata hivyo, ili upepo huo uzunguke, huhitaji pia athari ya mzunguko wa dunia, nayo hudhoofika kadiri mahali panavyokaribia ikweta. Mji wa Zanzibar uko kiasi cha nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta.

Chombo kilichozama huweza kununuliwa kingine, na paa lililoezuliwa huezekwa upya. Mkarafuu hauharakishwi. Mche wake hulelewa kwanza kivulini, kisha huhamishiwa shambani, na hupita miaka sita hivi au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Mazao kamili huja baada ya miaka ishirini hivi. Mnazi nao huhitaji miaka kadhaa. Kwa hiyo mwenye shamba aliyepanda upya mara tu baada ya kimbunga alikuwa na miaka mingi ya kupalilia bila kuvuna, na deni la mfanyabiashara aliyemkopesha halikungoja miche ikue.

Pemba haikudhurika sana. Kabla ya kimbunga, bei ya karafuu ilikuwa imeshuka kwa sababu ya kupandwa kupita kiasi. Mikarafuu ya Unguja ilipoanguka, bei ilipanda, na waliofaidika ni wale ambao miti yao ilikuwa bado imesimama. Mashamba mapya yakaenea Pemba, kisiwa chenye rutuba na mvua ya kutosha. Utajiri wa karafuu ulirejea, ila si pale ulipopotea.

Wala haukurejea kwa nguvu za matajiri wenyewe. Waliofyeka, waliopanda na waliopanda juu ya miti kuchuma walikuwa watumwa. Tarehe 5 Juni 1873, zaidi kidogo ya mwaka mmoja baada ya kimbunga, Barghash alitia sahihi mkataba na Uingereza uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Mashamba yaliyokuwa yakipanuka yalihitaji watu wengi zaidi, hivyo watumwa wakatembezwa kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, kisha wakavushwa kwa siri hadi Pemba. Hesabu za hasara ya kimbunga ziliandikwa kwa miti na merikebu. Gharama hii haikuingizwa humo.

Unguja ilipanda tena mikarafuu yake. Lakini hadi leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba.