Sauti Inayoona Ndani ya Tumbo

Toka Mulenge mlimani hata Kalundu ukingoni mwa ziwa, twasikia mara nyingi neno hili: «Fulani amelishwa sumu.» Mtu alianza kukwamwa na ugali, baadaye hata uji ukamshinda, mwili ukakonda. Jirani akashitakiwa, ukoo ukagawanyika, na muda huo wote ugonjwa wenyewe ulikuwa ukikua bila kupimwa. Leo twataka kueleza jinsi waganga wa hospitali wanavyopima uvimbe wa njia ya chakula.

Chombo chao hutumia sauti. Ukipaza sauti mbele ya mlima, mwangwi hukurudia: mlima ulio karibu huurudisha upesi, ulio mbali huuchelewesha. Ndivyo ifanyavyo ekografia. Sikio la mtu halisikii mitetemo inayozidi 20,000 hivi kwa sekunde. Chombo hiki hutoa mamilioni. Sauti yake hupita katika nyama ya mwili mwendo wa meta 1,540 hivi kwa sekunde, na kila inapofika mpaka wa kitu na kitu, sehemu yake hurudi. Chombo hupima muda wa kurudi, kisha huchora picha. Hakitumii miali ya eksirei.

Mwaka 1958, huko Glasgow katika nchi ya Uskoti, daktari Ian Donald na wenzake John MacVicar na Tom Brown walitangaza kazi yao ya kupima uvimbe wa tumbo kwa njia hiyo. Walikuwa wameanza na chombo cha viwandani, cha kutafuta nyufa katika vyuma. Kati ya wagonjwa wao alikuwamo mama mmoja aliyedhaniwa ana kansa ya tumbo isiyotibika. Sauti ilionyesha kwamba uvimbe ule ulikuwa mfuko wa maji tu. Akapasuliwa, ukaondolewa, naye akapona.

Lakini sauti hii huzuiwa na hewa, na tumbo na matumbo yana hewa nyingi. Tena mitetemo ya kasi sana huonyesha mambo madogo kwa usafi, ila haifiki mbali. Kwa hiyo waganga huingiza kinywani mpira mwembamba wenye taa na kamera, na chombo cha sauti kwenye ncha yake, mpaka karibu na uvimbe. Kwa ugonjwa wa utumbo wa mwisho, chombo huingizwa kwa njia ya haja kubwa. Hapo ukuta wa umio au wa tumbo huonekana kama tabaka tano, na daktari huona uvimbe umepenya mpaka tabaka gani. Ukiwa katika tabaka ya ndani tu, huenda ukaondolewa kwa mpira huo huo bila kupasua kifua. Ukiisha kuvuka ukuta wote, matibabu huwa mengine.

Picha ya kawaida ni kama kipande kimoja cha mkate. Katika ekografia ya pande tatu, vipande vingi huchukuliwa kwa mfululizo, na kompyuta huvipanga hata mkate mzima uonekane tena. Daktari aweza kuugeuza, kuukata upande autakao, kupima urefu na ukubwa wa uvimbe, na kuona kama umegusa mishipa mikubwa ya damu. Hata hivyo, ili kujua kama ni kansa, hukatwa kipande kidogo cha nyama kikatazamwe kwa darubini.

Chombo hiki cha ndani hupatikana katika hospitali kubwa chache tu. Lakini chombo bora hakimfai sana anayechelewa. Kansa ya umio huonekana sana katika Afrika ya Mashariki. Huko Tenwek, kaunti ya Bomet nchini Kenya, waganga wametia wagonjwa wengi mrija wa waya ndani ya umio wapate kumeza tena, kwa kuwa walifika wakati uvimbe umekwisha kuziba njia.

Basi ndugu, chakula kikianza kukwama, mtu akikonda bila sababu, akitapika damu au kupata choo cheusi, msingoje. Si lazima iwe kansa. Mpelekeni kwa daktari juma hilo hilo, aulizwe, apimwe, na kama inafaa apelekwe mbele. Jirani mnayemshuku mwacheni. Huenda ndiye atakayewasaidia kumbeba mgonjwa.