Bunia: Lita moja ya mafuta ya moteri inayoweza kumwacha motari njiani

Kwa motari wa Bunia, pikipiki ndiyo shamba lake. Ndiyo inalipa nyumba, minervali ya watoto na pesa ambayo mwenye pikipiki anaingojea kila jioni. Lakini maisha ya pikipiki hiyo yanategemea kitu ambacho wengi hukikumbuka wakati moteri imekwisha kuanza kupiga kelele: mafuta ya moteri. Kwa pikipiki nyingi za taksi mjini, kiasi chake ni karibu lita moja tu.

Moteri ikikwama karibu na soko, hasara ni ya pesa na ya siku moja ya kazi. Ikikwama saa za jioni kwenye barabara ya Komanda, Mongbwalu au Mahagi, ni jambo lingine. Jimbo la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021 kwa sababu ya mashambulizi ya makundi yenye silaha, na kwenye barabara hizo wasafiri wamevamiwa mara nyingi. Huko, motari na mteja wake wanapaswa kufika kabla ya giza. Pikipiki iliyozimika haina namna ya kuwafikisha.

Lita moja, kazi tatu

Gari dogo la esanse linabeba kwa kawaida lita tatu au nne za mafuta ya moteri, na vitesi vyake vina mafuta yao mbali. Kwa pikipiki kama Bajaj Boxer au TVS, mambo si hivyo. Mafuta yale yale kidogo yanalainisha pistoni, yanazunguka kati ya meno ya vitesi na yanalowesha sahani za ambrayaji. Tena, moteri hizo hazipozwi kwa maji. Zinapozwa na upepo, na mafuta yanasaidia kuondoa joto ndani.

Ndiyo maana yanachoka haraka kuliko ya gari. Meno ya vitesi yanayakatakata, joto linayafanya mepesi, na vumbi linayageuza kuwa kama msasa. Mjini Bunia, ukiacha Boulevard de la Libération na vipande vingine vyenye lami, njia nyingi za mitaa ni za udongo. Wakati wa kiangazi, vumbi hilo huingia kwenye moteri kama filtere ya hewa imechoka au imetolewa.

Pikipiki nyingi za aina hiyo hazina taa ya kuonya kwamba mafuta yamepungua. Onyo la kwanza linaweza kuwa moshi wa bluu, sauti ya chuma kugonga chuma, au pistoni kukamata kabisa. Hapo haitoshi tena kununua lita moja. Moteri inafunguliwa, na bei ya pistoni, segima na kazi ya fundi inapita kwa mbali bei ya bidoni ya mafuta.

Kupima kila asubuhi

Kupima hakuombi fundi. Pikipiki inawekwa mahali palipo sawa, isimame wima, isilale juu ya mguu wake wa pembeni, kwa sababu ikilala kipimo kinadanganya. Moteri inawashwa dakika chache, inazimwa, kisha inangojewa dakika mbili au tatu ili mafuta yashuke chini.

Kwa pikipiki zenye kijiti, kijiti kinafunguliwa, kinapanguswa kwa kitambaa safi, kinarudishwa na kutolewa tena. Kwa pikipiki nyingi kinaingizwa bila kukazwa, lakini kitabu cha pikipiki ndicho chenye neno la mwisho. Mafuta yanapaswa kuonekana kati ya alama ya chini na ya juu. Kwa zile zenye kioo kidogo pembeni mwa moteri, jicho linatosha.

Kupita alama ya juu nako ni kosa. Mafuta yakizidi yanatoa povu, yanasukuma sili na kuanza kuvuja.

Rangi peke yake haitoshi kuhukumu. Mafuta mazuri yanaweza kuwa meusi mapema, kwa sababu yanabeba uchafu wa moteri, na hiyo ni sehemu ya kazi yake. Yanayotisha ni mafuta yenye rangi ya maziwa, maana maji yameingia. Yenye harufu kali ya esanse. Au yenye vipande vidogo vya chuma vinavyong’aa.

Vidanji: kuhesabu, si kukisia

Pikipiki mpya inaomba vidanji ya kwanza mapema, mara nyingi kati ya kilometa 500 na 1,000, kwa sababu vyuma vipya vinasagana na kuacha unga ndani. Baada ya hapo, kitabu cha kiwanda kinatoa idadi ya kilometa. Lakini idadi hiyo haikuandikwa kwa pikipiki inayobeba watu wawili na mizigo kwenye vumbi kutwa nzima. Kwa kazi ya namna hiyo, vidanji inapaswa kuja mapema zaidi.

Shida ni kwamba pikipiki nyingi zinatembea na kompta iliyokufa. Motari anaweza basi kuhesabu siku. Anayetembea karibu kilometa 100 kwa siku anafikia 1,500 ndani ya wiki mbili hivi. Kuandika tarehe ya vidanji kwenye kipande cha karatasi chini ya kiti kunamaliza ubishi.

Kazi yenyewe inafanywa moteri ikiwa na joto kidogo, ili mafuta yatoke yote na uchafu wake. Bulo ya chini inafunguliwa, mafuta yanakingwa ndani ya chombo, kichujio kinasafishwa pale kilipo. Bulo inarudishwa na rondele nzima, bila kukazwa kwa nguvu za kupindukia, kwa maana nyuzi za aluminiamu zinakatika haraka. Mafuta mapya yanawekwa, moteri inazunguka dakika moja, kisha kipimo kinaangaliwa tena.

Kusoma bidoni

Kwa pikipiki nyingi za taksi, kitabu kinaomba mafuta ya 20W-50. Namba ya kwanza inaonyesha jinsi yanavyotembea kukiwa baridi, ya pili jinsi yanavyobaki mazito kukiwa joto. Alama nyingine ya kutafuta ni JASO MA au MA2: maana yake mafuta hayo yanafaa ambrayaji inayoogelea ndani ya mafuta. Mafuta mengine ya gari yamewekwa dawa ya kupunguza msuguano, na hayo yanaweza kufanya ambrayaji iteleze: moteri inalia, pikipiki haipandi mlima.

Mafuta ya pikipiki za zamani kama Yamaha AG100, yanayoungua pamoja na esanse, hayawekwi ndani ya moteri ya Boxer. Na bidoni ambayo kifuniko chake kimekwisha kufunguliwa ni afadhali kuiacha dukani.

Mafuta machafu nayo yana hatari yake. Yakigusa ngozi kila siku kwa miaka, yanaweza kuleta kansa ya ngozi. Yakimwagwa kwenye mfereji, mvua inayapeleka mtoni, kwenye maji ambayo wengine wanayatumia. Kuyakusanya ndani ya bidoni kwenye garaji ni hatua ya kwanza.

Nani alipe?

Mara nyingi vidanji inachelewa kwa sababu hakuna aliyepewa deni hilo. Motari anaona pikipiki si yake; mwenye pikipiki anaona mafuta ni matumizi ya kila siku kama esanse. Kati ya wawili hao, moteri inakauka. Jambo hilo linaweza kupangwa siku ya kukabidhiana pikipiki, pamoja na pesa ya kurudisha: nani ananunua mafuta, kila baada ya siku ngapi, na motari anapima lini. Anayeweka pembeni franka kidogo kila jioni anakuwa na bei ya lita hiyo kabla tarehe haijafika.