Kununua au Kukodi: Soko la Magari la Kinondoni na Temeke na Hesabu ya Safari Ndefu ya Kuvuka Mipaka

Msafiri anayekusudia kuondoka Dar es Salaam kwa gari, akapita Tunduma kwenda Zambia, Botswana na Afrika Kusini, au akapanda kaskazini kupitia Namanga kwenda Kenya na Uganda, hukabiliwa na swali ambalo wafanyabiashara wa magari wa Kinondoni na Temeke hulijibu kila mmoja kwa namna ya kuvutia upande wake, yaani kama ni nafuu kununua gari na kuliuza baada ya safari au kukodi kwa siku zote za safari. Jibu la haraka linalotolewa mitaani hupima bei ya siku dhidi ya bei ya ununuzi, lakini ukichunguza jinsi biashara hii inavyoendeshwa utaona kwamba bei ni sehemu tu ya hesabu, na mara nyingi si sehemu iliyo nzito kuliko zote. Kinachoamua zaidi ni nyaraka: nani jina lake limo kwenye kadi ya gari, bima imeandikwa kwa matumizi gani, na gari limelipiwa kodi katika nchi ipi.

Soko lenyewe limegawanyika kijiografia kwa namna inayoeleweka. Meli za magari yaliyotumika, mengi yakitoka Japani, hushusha mzigo bandarini, na sehemu kubwa ya magari hayo husubiri taratibu za forodha katika bandari kavu za Kurasini na maeneo jirani ya Temeke, bandari kavu ikiwa ni eneo lililoidhinishwa kutunza mizigo nje ya gati chini ya uangalizi wa forodha. Baada ya kulipiwa kodi, magari madogo na ya familia huhamia kwenye yadi zilizo kando ya Barabara ya Kawawa na Barabara ya Bagamoyo upande wa Kinondoni, ambako IST, Rav4, Harrier na Alphard husimama kwa safu zikisubiri wateja wa mshahara na wa biashara ndogo. Temeke, pamoja na Chang'ombe, Tandika na Mbagala, imebaki na nguvu zaidi katika magari ya mizigo, gereji na spea. Msafiri makini atafanya vyema kununua upande mmoja na kukagulia upande mwingine, kwa sababu fundi asiye na uhusiano na yadi hana sababu ya kumficha mteja kwamba injini imeshawahi kushushwa.

Bei ya gari Tanzania haiwezi kueleweka bila kuangalia kodi iliyomo ndani yake. Gari linaloingia kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake ikijumuisha nauli ya meli na bima. Kisha hufuata ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, ambao ni asilimia 5 kwa injini zilizo kati ya cc 1,000 na 2,000 na asilimia 10 kwa zinazozidi hapo. Kisha ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari la abiria lenye umri wa zaidi ya miaka 10 ni asilimia 30. Na mwisho kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya jumla ya vyote hivyo. Kwa kuwa ushuru wa bidhaa na wa uchakavu hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani juu ya vyote, gari la cc 2,500 lenye miaka 12 huzaa kodi ya takriban shilingi 106 kwa kila shilingi 100 za thamani yake bandarini, hata kabla ya tozo ndogo ndogo. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya bei ya gari la namna hiyo kwenye yadi, kabla ya faida ya mwenye yadi, ni kodi iliyokwisha kulipwa.

Ukweli huo una matokeo mawili yanayovutana. La kwanza ni kwamba mtu anayenunua gari Dar es Salaam na kuliuza hapo hapo baada ya miezi michache hapotezi kodi ile, kwa sababu mnunuzi wa pili naye angelazimika kuilipa kama angeagiza gari lingine kama hilo kutoka Japani, na hivyo huilipa kupitia bei. La pili ni kwamba gari hilo hilo likiuzwa Lusaka au Gaborone hubeba kodi isiyo na thamani huko, kwa kuwa nchi hiyo itataka kutoza kodi yake upya. Na Afrika Kusini kwa ujumla hairuhusu uingizaji wa magari yaliyotumika kwa ajili ya kuuzwa, isipokuwa kwa vibali maalumu. Gari la namba ya Tanzania ni mali Tanzania. Anayepanga kununua Kinondoni, kuendesha hadi Cape Town na kurudi kwa ndege amekosea hesabu tangu mwanzo.

Kwa safari inayoanzia na kuishia Dar es Salaam, hesabu huwa nyepesi zaidi, na mfano wa kubuni unaweza kuionyesha. Chukuliwe kwamba gari la familia la kuhimili barabara mbaya linanunuliwa kwa shilingi 25,000,000 na baada ya safari linauzwa kwa 22,000,000. Bima kubwa, yaani ile inayomlinda mwenye gari hata kwa uharibifu wa gari lake mwenyewe na kwa wizi, ikitozwa asilimia 3.5 ya thamani na kuongezewa kodi, hufika 1,032,500. Matairi, mafuta ya injini na matengenezo ya kabla ya safari yahesabiwe 1,500,000, na gharama za dalali na za kuhamisha umiliki mara mbili 900,000. Jumla ya hasara na gharama ni 6,432,500. Kama gari la aina hiyo hukodishwa kwa 120,000 kwa siku bila dereva, ununuzi huanza kuwa nafuu karibu na siku ya 54, na mafuta ya kuendeshea hayaingii kwenye ulinganisho kwa kuwa pande zote mbili huyalipa. Safari ya wiki tatu haihitaji mjadala: kukodi kunashinda. Safari ya miezi mitatu nayo huegemea ununuzi, ila kwa masharti mawili ambayo jedwali la namna hii halionyeshi: msafiri awe na milioni 25 zinazoweza kulala bila kumbana, na awe na muda wa kusubiri mnunuzi atakaporudi, kwani gari lenye haraka ya kuuzwa hutambuliwa na dalali kabla hata mwenyewe hajafungua mdomo.

Jambo moja la kisera limempunguzia mnunuzi mzigo. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na fidia yake kuingizwa kwenye mafuta kwa kuongeza ushuru wa shilingi 40 kwa lita, hivyo gari linaloegeshwa nyumbani likisubiri kuuzwa halilimbikizi tena deni la ada hiyo kama zamani. Kwa upande mwingine, msafiri wa masafa marefu hulipa zaidi kwa kila kilometa, na kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma pekee ni zaidi ya kilometa 900.

Upande wa ukodishaji una tabaka mbili ambazo mgeni hawezi kuzitofautisha kwa macho isipokuwa akijua kusoma kibao cha namba. Gari lililosajiliwa kwa biashara hubeba kibao cheupe na la binafsi hubeba cha njano. Kampuni rasmi hukodisha magari ya kibao cheupe yenye bima ya biashara na leseni husika, na bei zao hupanda ipasavyo. Lakini kote Kinondoni na Temeke kuna magari mengi ya njano ambayo wenyewe huyakodisha kwa makubaliano ya mdomo au karatasi moja, kwa bei inayovutia. Tatizo la magari haya halionekani mpaka ajali itokee. Bima ndogo ya gari binafsi, ambayo hulipia tu madhara kwa watu wengine na kwa kawaida hugharimu shilingi 118,000 kwa mwaka, huandikwa kwa matumizi binafsi, na kampuni ya bima ikigundua kwamba gari lilikuwa limekodishwa kwa malipo ina msingi wa kukataa madai. Unafuu wa bei hapo ni unafuu wa hatari aliyohamishiwa mteja bila kuambiwa, na kwa maoni ya makala haya hakuna safari ya kuvuka mpaka inayostahili kufanywa na gari la namna hiyo.

Mpakani ndiko tofauti kati ya mwenye gari na aliyekodi hujitokeza kwa ukali. Afisa wa forodha hutaka kadi ya gari, na kama jina lililomo si la dereva, hutaka barua ya idhini ya mwenye gari. Kama kadi iko benki kama dhamana ya mkopo, jambo la kawaida kwa magari ya kampuni za kukodisha, idhini ya benki nayo huhitajika. Ndiyo sababu wakodishaji wengi huweka kwenye mkataba kwamba gari lisitoke nje ya nchi, na wanaokubali hudai amana kubwa, kikomo cha kilometa na kifaa cha kufuatilia gari. Mnunuzi aliyekamilisha uhamisho wa umiliki hukwepa mlolongo huo wote. Aliyeharakisha akaondoka na kadi yenye jina la mwenye gari wa zamani, hata hivyo, yuko katika hali mbaya kuliko aliyekodi, kwa sababu hana hata mkataba wa kuonyesha.

Bima ya nje ya nchi ni rahisi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango wake wa Kadi ya Njano, hati ya bima ya madhara kwa watu wengine inayotambuliwa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Malawi, Zambia, Zimbabwe na nchi nyingine kadhaa, na ambayo huongezwa juu ya bima ya nyumbani kabla ya kuondoka. Msumbiji haimo, hivyo anayevuka Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma hununua bima nyingine huko. Botswana, Namibia na Afrika Kusini hulipia fidia ya msingi ya majeruhi kupitia tozo iliyomo kwenye mafuta. Lakini Kadi ya Njano hailindi gari lenyewe, na mwenye bima kubwa anapaswa kupata kwa maandishi kwamba ulinzi wake unavuka mpaka. Bila maandishi hayo, gari la milioni 25 linasafiri likiwa halina kinga yoyote ya thamani yake.

Kati ya kununua na kukodi ipo njia ya tatu ambayo wafanyabiashara hawana sababu ya kuitangaza, nayo ni kukatisha safari mpakani: kufika Tunduma kwa basi linaloondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, kuvuka kwa miguu hadi Nakonde ambako Tanzania na Zambia zina kituo cha pamoja cha ukaguzi, kisha kukodi Zambia gari la namba ya huko. Barabara hiyo hiyo hupitwa kila siku na magari ya IT, yaani magari ya safarini ambayo hayajalipiwa kodi Tanzania na yanaendeshwa kutoka bandarini kwenda kwa wamiliki wake Zambia, Malawi na Kongo, na madereva wake wamekuwa wakibeba abiria njiani kinyume cha masharti. Nauli ya gari la IT ni ndogo, lakini abiria wake hatambuliwi na bima wala na mwenye gari.