Waya wa Umeme wa Kuulia Wadudu: Je, Wafaa Shambani?

Baadhi ya wanachama wametuuliza habari za kile chombo cha umeme cha kuulia wadudu, chenye waya zinazolia "pa!" mdudu akigusa. Wauliza mambo mawili: je, mtu aweza kukitengeneza mwenyewe? Na je, kitafaa shambani? La kwanza ni jepesi kujibu. La pili limetupeleka mbali, mpaka Bariadi huko bara kwa wakulima wa pamba. Mkulima wa pamba hupigana na wadudu kuliko sisi wa karafuu, na chombo hiki kikiwa na faida, basi yeye ndiye angeanza kuiona.

Tuanze na chombo chenyewe. Betri mbili za tochi hutoa volti 3 tu, na hizo hazimsumbui hata sisimizi. Kazi ya fundi ni kuzikuza. Hutwaa transista moja na transfoma ndogo yenye kiini cha feraiti. Transista hufungua na kufunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde moja, na upande wa pili wa transfoma, wenye mizunguko mingi ya waya mwembamba, hutoa volti mia kadhaa. Kisha umeme huo hupandishwa ngazi ya dayodi na kapasita, kila daraja likiongeza juu ya lile la chini, hata zipatikane volti 1,500 hivi. Ngazi ya namna hiyo hiyo, ila kubwa mno, ndiyo waliyoitumia Cockcroft na Walton huko Cambridge mwaka 1932 kupasua kiini cha atomu. Basi kijana wetu fundi wa redio asiidharau kazi yake.

Waya za wavu hupangwa moja ya chanya, moja ya hasi, zikiachana milimita 3 au 4. Hewa kavu huzuia kiasi cha volti 3,000 kwa kila milimita, kwa hiyo pasipo mdudu hapapiti kitu. Mdudu akiingia kati nafasi hupungua, cheche huruka, na habari yake imekwisha.

Hapa twaomba msomaji asisome kwa haraka. Kapasita hubaki na umeme hata betri zikiwa zimetolewa. Rezista ya megaomu 10 ifungwe baina ya ncha mbili za wavu, nayo itaumaliza umeme huo kwa sekunde chache. Wala mtu asishawishike kutwaa volti 230 za ukutani moja kwa moja, au transfoma ya jiko la maikrowevu. Umeme wa betri ndogo humshtua mtu akaruka. Ule mwingine humwua. Na wavu usitundikwe penye petroli, wala juu ya makonyo makavu.

Sasa twende Bariadi. Mji huo ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na pamba ndilo zao lake kuu la biashara. Adui mkubwa wa zao hilo ni funza wa vitumba. Mama yake ni nondo wa usiku, naye huifuata taa. Mtu atasema: tundika taa na wavu, kazi imekwisha! Lakini nondo hutaga mayai kwa mamia, na pengine afikapo kwenye taa amekwisha kutaga. Funza mwenyewe hana bawa. Yumo ndani ya kitumba akila, na taa haimhusu. Kangambili naye yuko juu ya mmea akifyonza mbegu na kuitia pamba madoa.

Tena wavu hauchagui. Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Delaware, Marekani, Frick na Tallamy, walihesabu wadudu waliouawa na mitego sita ya namna hii. Walipata 13,789. Katika hao, wadudu wenye kuuma watu walikuwa 31 tu! Lakini wale marafiki wa mkulima, wanaokula wadudu wenzao, walikuwa zaidi ya 1,800.

Kwetu mambo ni hayo hayo. Mchwa anayetuulia miche ya mikarafuu hufanya kazi chini ya ardhi. Mvua ikinyesha kumbikumbi watajaa kwenye wavu, na mwenye chombo atafurahi, huku wale wanaotafuna mizizi hawana habari.

Je, waya huu hauna kazi basi? Unayo, tena kubwa, nayo ni ya kuhesabu. Mashariki ya Simiyu liko Pori la Akiba la Maswa, linalopakana na Serengeti, na huko mbung'o yupo. Miaka ya 1970 Glyn Vale, katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe, alisimamisha nyavu za waya nyembamba za umeme, ambazo mbung'o hakuziona, kando ya mitego na ng'ombe. Mbung'o walipozigusa walianguka wakahesabiwa. Ndipo ilipojulikana kuwa wengi hukaribia mtego wakazunguka, wakaenda zao bila kuingia. Kwa maarifa hayo vitambaa vya rangi na harufu za kumvuta mbung'o vikatengenezwa vizuri zaidi.

Hapa Unguja mbung'o hakumalizwa kwa cheche. Baada ya kupunguzwa kwa dawa na vitambaa, madume zaidi ya milioni 8 waliofugwa Tanga na kufanywa tasa walimwagwa kwa ndege, kuanzia 1994 hadi 1997. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996.

Mwanachama atakaye kujitengenezea wavu, basi autundike usiku mmoja kwa juma, mahali pamoja, saa zile zile, na sinia chini yake. Asubuhi awahesabu walioanguka, kila aina mbali, aandike katika daftari, na daftari hilo amwonyeshe Bwana Shamba.