Mark X: Ngome ya Lami, Mgeni wa Barabara ya Baraka

Je, wajua kwamba Toyota Mark X, gari ambalo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi hulipenda kwa mngurumo wake, hudumu au hufa kwa mafuta linayonyweshwa? Mtu wa Baraka au Fizi, huku Kongo, akipigiwa simu na nduguye aliyeko Dar kwamba kuna mkoko wa bei nzuri, aanze na hilo. Rangi na viti vya ngozi vitasubiri.

Gari hili lilizinduliwa Japani Novemba 2004 kurithi nafasi ya Mark II, na utengenezaji ukakoma Desemba 2019. Lina vizazi viwili tu: cha kwanza kina injini ya lita 2.5 au 3.0, cha pili, kilichotoka Oktoba 2009, kina 2.5 au 3.5. Zote ni za silinda 6 zenye umbo la V, na magari mengi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ile 2.5 ya mwanzo ilikuwa na nguvu za farasi 215. Si haba kwa gari la kupeleka watoto shule.

Siri iko kwenye upuliziaji. Katika injini nyingi za zamani, petroli hupuliziwa nje ya silinda, nayo huziosha vali ikiingia. Injini za Mark X za 2.5 na 3.0 hupulizia moja kwa moja ndani ya silinda, kwa shinikizo kubwa. Faida yake ni nguvu na mafuta kuchomeka vizuri. Hasara ni kwamba vali za kuingiza hewa haziguswi na petroli, basi masizi huzigandia mwaka hadi mwaka, mpaka gari likisimama linatetemeka na likipanda mlima linachoka. Ile ya 3.5 imewekewa njia zote mbili, ndiyo maana shida hiyo haiisumbui sana.

Sasa fikiria esansi ya bidoni inayouzwa kando ya njia, ikiwa na maji kidogo na mchanga kidogo. Pikipiki itakohoa na kuendelea. Pampu ya shinikizo ya Mark X haina uvumilivu huo. Tena kizazi cha kwanza kilikusudiwa petroli ya daraja la juu, ile 2.5 ya kizazi cha pili ilirekebishwa itumie ya kawaida, nguvu zikashuka hadi 203. Mimi ningechukua hiyo ya pili bila kujiuliza.

Mengine ni mazuri. Injini haina mkanda wa kukatika bali mnyororo, na oili ikibadilishwa kwa wakati huenda mbali. Chungulia tu chini ya pampu ya maji: ukoko mkavu wa rangi ya waridi maana yake maji ya rejeta yanavuja. Giaboksi haina kijiti cha kupimia oili, hivyo fundi anayeongeza kwa kukisia anaiua polepole.

Halafu kuna barabara yenyewe. Tumbo la Mark X liko kama sentimita 15 tu kutoka ardhini. Kwenye Barabara ya Taifa namba 5, kutoka Uvira kupitia Makobola na Mboko hadi Baraka, malori huchimba mifereji wakati wa mvua na kuacha tuta katikati. Tuta hilo ndilo litakalogonga sampu ya oili.

Kongo tunaendesha kulia, na Mark X ya Japani ina usukani wa kulia. Ili kulipita lori, dereva hutegemea macho ya abiria wake. Lisilosemwa sana ni taa: za Japani hunyanyua mwanga upande wa kushoto, yaani machoni mwa anayekuja. China lilitengenezwa kwa jina la Reiz, usukani ukiwa kushoto, lakini yanayoshushwa bandarini Dar ni ya Japani.

Kwa mkazi wa Bujumbura au Kigoma mjini, hili ni gari la kutegemewa. Kwa wa Fizi, pesa hiyo ianze kutafuta Hilux. Na kama moyo umekwisha kung'ang'ania Mark X, mwambie ndugu yako aende alfajiri, aiwashe injini ikiwa bado baridi na asikilize kama inatetemeka, ndipo utume pesa.