Mtoto Mchanga Hahitaji Kitanda cha Bei Ghali

Katika maduka ya bidhaa za watoto mjini Nakuru na Naivasha, kitanda cha mtoto kilichopambwa kwa mito midogo ya pembeni, blanketi nene na wanasesere kinaweza kugharimu zaidi ya kodi ya mwezi ya chumba kimoja Karagita au Kaptembwo. Mama anayetarajia mtoto wa kwanza hukitazama, akapiga hesabu, akaondoka na wasiwasi kwamba mwanawe ataanza maisha akiwa amepungukiwa. Wasiwasi huo hauna msingi. Mapambo yanayoongeza bei ya kitanda hicho ndiyo ambayo wataalamu wa afya ya watoto wanataka yaondolewe mtoto anapolala.

Ushauri wao ni mfupi. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja alazwe chali, usiku na mchana, juu ya godoro gumu lililo bapa, lenye shuka moja iliyobanwa vizuri. Pasiwe na mto, mwanasesere, blanketi zito wala kitambaa kinachoning'inia karibu na uso wake. Mtoto wa miezi ya kwanza hana nguvu ya kugeuza kichwa au kusukuma kitu kilichomfunika pua. Akizama kwenye kitu laini huendelea kuvuta hewa ileile aliyoitoa, bila kulia na bila mzazi kusikia lolote.

Mambo hayakuwa hivyo zamani. Kwa miaka mingi hata madaktari katika nchi zilizoendelea waliwashauri wazazi wawalaze watoto kifudifudi. Utafiti ulipoonyesha hatari yake, Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka wa 1991, na Marekani ikafuata mwaka wa 1994. Vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa takriban nusu au zaidi katika nchi hizo, na badiliko lenyewe halikumgharimu mzazi hata senti. Mwaka wa 2022 Marekani ilipiga marufuku mito ya pembeni ya vitanda vya watoto, ileile ambayo bado inauzwa hapa kama pambo.

Nyanya wengi husikika wakisema kuwa mtoto akilala chali atapaliwa na maziwa. Hofu hiyo inatokana na upendo, lakini mwili umepangwa vingine. Mtoto anapolala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yanayopanda hurudi chini au humezwa. Akilala kifudifudi, njia ya hewa ndiyo inayokuwa chini.

Familia inayoishi chumba kimoja

Wahudumu wa afya hupendekeza mtoto alale chumba kimoja na wazazi, lakini mahali pake mwenyewe, kwa angalau miezi 6 ya kwanza. Kwa mfanyakazi wa shamba la maua anayeishi chumba kimoja, nusu ya kwanza ya ushauri huo imeshatimia bila gharama. Kazi iliyobaki ni kupata nafasi ndogo kando ya kitanda cha mama.

Nafasi hiyo inaweza kuwa hata katoni. Nchini Ufini, serikali ilianza mwaka wa 1938 kuwapa akina mama wa kipato cha chini sanduku lenye nguo za mtoto, na kuanzia mwaka wa 1949 likatolewa kwa kila mama aliyehudhuria kliniki mapema. Baadaye sanduku hilo likawekewa godoro dogo, na watoto wengi wa nchi hiyo wamelala ndani yake miezi yao ya kwanza. Familia inayotaka kufanya hivyo hapa ichague katoni imara, safi na kavu, au kapu pana lenye sakafu bapa. Liwekwe chini sakafuni, kamwe si juu ya meza au kiti, na lisitumiwe tena mtoto anapoanza kugeuka au kujiinua kwa mikono. Kwa watoto wengi hatua hiyo hufika kati ya mwezi wa tatu na wa tano.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi mtoto hulala kitanda kimoja na mama, na kujifanya kwamba jambo hilo halipo hakumsaidii mtu. Zipo hali ambazo halifai kabisa: mmoja wa wazazi akiwa anavuta sigara, amekunywa pombe au ametumia dawa inayoleta usingizi mzito, ama mtoto akiwa alizaliwa kabla ya wakati au na uzito wa chini ya kilo 2.5. Penye hali mojawapo ya hizo, mtoto atengewe mahali pake. Pasipo na hali hizo, mtoto akaribiane na mama peke yake, asiwekwe katikati ya watu wazima au karibu na ndugu zake, na mto na blanketi la wazazi visimfikie usoni. Kulala na mtoto kwenye kochi ni hatari zaidi kuliko kitandani, kwa sababu huteleza na kubanwa kati ya mwili wa mzazi na mto wa kochi.

Kununua kilichotumika, au kwenda kwa fundi

Mitumba ni njia nzuri ya kupata nguo na mashuka. Mtoto hufikia mara mbili ya uzito wake wa kuzaliwa akiwa na takriban miezi 5, hivyo nguo nyingi huuzwa zikiwa karibu mpya. Zifuliwe na kukaushwa vizuri kabla ya kutumiwa. Kitanda cha mbao kilichotumika, au kilichotengenezwa na fundi wa jua kali, nacho kinafaa ikiwa mnunuzi atakikagua kabla ya kutoa pesa. Nafasi kati ya ubao mmoja na mwingine isizidi sentimita 6. Asiye na rula abebe mkebe wa soda wa kawaida: ukipenya kati ya mbao, mwili wa mtoto pia unaweza kupenya huku kichwa kikibaki. Kitanda ambacho ubavu wake mmoja hushushwa na kupandishwa kiachwe. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vitanda hivyo mwaka wa 2011 baada ya watoto kunaswa na kufa. Rangi kuukuu inayobanduka nayo iogopwe, kwa kuwa huenda ina madini ya risasi.

Godoro lililotumika ndilo la kukataa, hata likitolewa bure. Mara nyingi limebonyea katikati, lina unyevu, au limebeba kunguni. Wauza magodoro wengi hukata sponji kwa vipimo vya mteja, na kipande kigumu cha kutosha kitanda kidogo hugharimu sehemu tu ya bei ya godoro zima. Likishawekwa kitandani, pengo kati yake na ubao lisipitishe vidole viwili.

Baridi ya Molo na jiko la makaa

Kati ya Juni na Agosti, usiku wa Molo, Kuresoi na Mau Narok hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Hapo ndipo familia inayojaribu kuokoa pesa hufanya kosa linaloweza kuua nyumba nzima: kuingiza jiko la makaa chumbani, kufunga madirisha na kulala. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Wengi hudhani hatari ni moshi, kwa hiyo husubiri makaa yawe mekundu na moshi uishe kabla ya kuliingiza jiko ndani. Makaa hayo mekundu, hata yaliyofunikwa na majivu, bado yanatoa gesi hiyo. Mtoto hupumua kwa kasi kuliko mtu mzima na huathirika mapema zaidi. Mtu akihisi kuumwa na kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu penye jiko, wote watoke nje mara moja, mtoto akiwa wa kwanza, kisha waende hospitali.

Zipo njia salama na za bei nafuu za kumpa mtoto joto. Avalishwe nguo zinazokaribiana na mwili, tabaka moja zaidi ya anazovaa mtu mzima aliye chumba hichohicho. Kitanda chake kinaweza kupashwa joto kwa chupa ya maji moto, mradi chupa iondolewe kabla hajalazwa. Nyufa zinazopitisha upepo karibu naye zizibwe, lakini chumba kibaki na mahali pa kuingizia hewa. Ili kujua kama ana joto la kutosha, mzazi aguse kifua au shingo. Viganja na nyayo huwa baridi hata mtoto akiwa sawa. Marvini ya sufi inamfaa akiwa nje, na inavuliwa anapolala ndani, kwa kuwa mtoto hupunguza joto la mwili kupitia kichwani na kofia inaweza kumteremkia usoni.

Kwa mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, kifaa bora zaidi ni kifua cha mama. Mtindo wa kumlaza mtoto ngozi kwa ngozi, unaojulikana kama huduma ya kangaruu, ulianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 hospitali ilipokosa mashine za kutosha za kuwapa watoto joto. Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza uanze punde tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Baba au nyanya anaweza kumpokea mama anapopumzika.

Vya kuacha dukani

Woka haimfundishi mtoto kutembea, na humfikisha haraka kwenye jiko na ngazi. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka wa 2004. Kigari hakina kazi kubwa kwenye njia za matope za Subukia au Bahati, ambako leso au shali imara itambeba mtoto vizuri zaidi. Mto maalumu wa mtoto hauhitajiki, hata ukiuzwa kwa jina la kurekebisha umbo la kichwa. Chama kinachopanga sherehe ya kumpongeza mama mjamzito kinaweza kumwuliza kwanza anachokosa, badala ya kumletea blanketi kumi zinazofanana.

Sehemu ya pesa zitakazookolewa inaweza kulipia bima. Mchango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka, na wasio na ajira rasmi hulipia mwaka mzima kwa pamoja. Mama ajisajili na kulipa mapema, kwa kuwa upasuaji wa dharura haungoji pesa zipatikane.

Wahamasishaji wa afya ya jamii hutembelea nyumba vijijini na mitaani. Mama anaweza kumwonyesha mhamasishaji wa eneo lake mahali alipopanga kumlaza mtoto, au kuuliza maswali katika kliniki ya wajawazito iliyo karibu naye, akiwa na kijitabu chake cha mama na mtoto.